Kiwanja cha ndege kilichoachwa ranchini, usikiamini ukiwa hewani

Watu wakiona kwenye picha za setilaiti ule mstari mrefu ulionyooka katikati ya ranchi huko Laikipia, Kenya, huwa wananiuliza, sasa si unatua tu pale? Mimi ni rubani wa ndege ndogo na jibu langu ni hapana, mpaka mtu apite pale kwa miguu kwanza.

Viwanja vya aina hii viko vingi, manake ranchi zenyewe ni kubwa na barabara mvua ikinyesha ni balaa, basi mwenye shamba alikuwa anajichongea chake afike mjini Nanyuki au uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, bila kurushwarushwa barabarani siku nzima. Halafu ranchi inauzwa, au ndege inauzwa, kiwanja kinabaki hapo na kwenye ramani za zamani bado kipo. Kanuni za kimataifa zinataka kiwanja kilichofungwa kichorwe X kubwa nyeupe, lakini porini huko nani ataenda kupaka rangi bana.

Kinachodanganya ni kwamba hakigeuki kichaka haraka. Pundamilia na swala wanapenda mahali peupe kwa sababu simba anaonekana mapema, kwa hiyo wanashinda pale wanakula na majani yanabaki mafupi, ukiwa futi 500 juu unaona kapeti safi kabisa. Chini ya hiyo kapeti sasa: mchwa wamejenga, mhanga akaja usiku kuwachimbua, akaacha shimo, ngiri akahamia. Shimo hilo mdomo wake umefunikwa na nyasi na huwezi kuliona hata ukipita chini chini kukagua. Gurudumu la mbele likizama humo propela inagonga ardhi, na propela ikigonga injini nzima inabidi ifunguliwe ikaguliwe, hata kama inaonekana haina kitu.

Udongo nao. Laikipia kuna mwekundu wa kichanga, huo una nafuu, na kuna ule mweusi, blak koton, ambao kiangazi unapasuka nyufa na mvua ikinyesha unashika tairi kama ulimbo. Humo unaota mgunga mfupi wenye vinundu vyeusi vilivyojaa sisimizi, ukikata unachipua tena na kisiki chake kinatoboa tairi.

Halafu kuna hewa, na hapa ndipo wengi hawaelewi. Nanyuki iko futi 6,000 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kwa kipimo cha kawaida cha marubani hewa ya urefu huo inatakiwa iwe na joto la nyuzi 3 hivi za Selsiasi. Mchana ukiwa na nyuzi 27 hewa inakuwa nyepesi zaidi, ndege inajisikia kama iko karibu futi 9,000. Saa ya kasi itakuonyesha namba zilezile ulizozoea Mombasa lakini kwa kweli unakimbia kama asilimia 15 zaidi ya inachoonyesha, breki zinahitaji nafasi ndefu, na wakati wa kuruka injini isiyo na tabo, ile pampu ya kuisukumia hewa, imeshapoteza nguvu nyingi. Kiwanja kilichomtosha mzee na ndege yake nyepesi saa 12 asubuhi hakikutoshi wewe na abiria watano saa 8 mchana.

Kwa hiyo kwanza ruhusa ya mwenye shamba, kisha mtu wa ardhini apite na gari kwa kasi, aende arudi. Ila gari peke yake halitoshi! Matairi ya gari yanapita kushoto na kulia, katikati panabaki hapajaguswa, na katikati ndipo gurudumu lako la mbele linapopita. Mwambie asogee upande arudie, halafu atembee mstari wa kati na fimbo.

Na hesabu ya kuruka ifanye kabla hujatua, maana kushuka kunahitaji nafasi ndogo kuliko kupaa, unaweza ukaingia vizuri kabisa halafu ndege ikatoka ranchini kwa lori, mabawa yamefunguliwa na kutolewa.