Kuunguza neva za figo si mwisho wa vidonge vya presha

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai mrija mwembamba "huponya presha milele, tupa dawa". Tafadhali usiusambaze. Tiba yenyewe ipo kweli, ndiyo maana wengi huamini: mrija hupitishwa kwenye ateri (mshipa wa damu) ya kinena hadi ateri za figo, kisha joto la mawimbi ya redio au ya sauti huunguza neva (mishipa ya fahamu) zilizozunguka ateri hizo. Lakini namba ya juu ya presha hushuka kwa wastani milimita 5 hadi 10 za zebaki. Kwa wengine haishuki kabisa. Wengi huendelea na vidonge, na kuviacha ghafla huweza kuleta kiharusi. Aliyefanyiwa ahakikishe mwenyewe kama presha imeshuka: apumzike dakika 5, ajipime mara mbili asubuhi na mara mbili jioni kwa siku 7, amwoneshe daktari namba hizo.