"Mtaalamu, Maji Haya Yana Nini?"

Kila ninapochukua sampuli za maji karibu na mgodi wa zamani, hakosekani mtu wa kujaza glasi, kuiinua juani na kuniuliza: "Mtaalamu, tazama mwenyewe, maji haya yana nini?" Wiki iliyopita niliulizwa hivyo mara tatu kwa siku moja. Wa mwisho alikuwa mama mmoja ambaye kisima chake kiko chini kidogo ya lundo la mawe taka. Hizi hapa ni imani tano ninazozisikia kila mara, na majibu yangu.

Maji yakiwa maangavu ni salama

Si kweli, na hii ndiyo inayoniumiza kuliko zote. Arseniki, risasi, shaba na kobalti vikishayeyuka havionekani. Kikomo cha arseniki kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 10 kwa lita. Jicho gani litaona hizo? Tena maji ya mgodi yenye asidi mara nyingi huwa maangavu kuliko ya mto wa kawaida, kwa sababu metali zilizomo hushikamanisha chembe za tope zikazama.

Teka ndoo kwenye kisima chenye chuma kingi. Yakitoka kwenye pampu yanang'aa. Yaache hadi jioni, yamekuwa na rangi ya kutu. Chuma kilikuwemo tangu mwanzo, kimekutana na hewa tu. Nimeona watu wakiwahi kuyanywa kabla hayajabadilika, wakidhani ndoo ndiyo chafu!

Ndiyo maana sampuli ya metali tunaichuja na kuitia asidi ya naitriki palepale kisimani. Ukiniletea maji kwenye chupa ya soda iliyolala siku mbili ndani ya gari, metali nyingine zimeshaganda kwenye kuta za chupa, na majibu yatakudanganya kwamba uko salama. Pampu maji kwanza hadi pH (kipimo cha uasidi: kadiri inavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi) na upitishaji umeme vitulie, ndipo ujaze chupa. Hapo sina msamaha na mtu.

Ukichemsha sumu inaisha

Kuchemsha kunaua vimelea. Maji yanapungua kwa mvuke, metali inabaki sufuriani, kwa hiyo unakunywa iliyokolea zaidi.

Mgodi ulifungwa zamani, yamekwisha

Nenda Kilembe, wilaya ya Kasese, Uganda. Uzalishaji wa shaba ulianza 1956 na ukakoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, lakini mabaki ya uchenjuaji, yaani tope la mawe yaliyosagwa na kutolewa shaba, yalibaki kandokando ya mto Nyamwamba, na mafuriko ya 2013 na 2020 yakayamega na kuyashusha bondeni. Lundo la pairaiti (madini ya chuma na salfa) yenye kobalti lililoachwa Kasese lilivuja asidi hadi ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, likaacha ukanda wa ardhi isiyoota kitu ukielekea Ziwa George, ardhioevu iliyo kwenye orodha ya kimataifa ya Ramsar tangu 1988. Pairaiti ikipata hewa na maji hutoa asidi, awepo mchimbaji asiwepo. Tena pampu za mgodini zikizimwa, maji ya ardhini hupanda kwenye mashimo yakiyeyusha chumvi zilizokusanyika ukutani miaka yote ile.

Samaki wapo, basi mto ni mzima

Samaki anaweza kuwa anapita njia. Ingia mtoni ugeuze mawe. Wale wadudu wadogo wenye mikia mitatu wanaong'ang'ania upande wa chini hawana pa kukimbilia. Ukigeuza mawe ishirini bila kumpata hata mmoja, na juu ya mto, kabla ya mgodi, wamejaa, umeshapata jibu la maana.

Tulishapima mwaka juzi

Mlipima mwezi gani? Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndizo zinazosomba chumvi za metali zilizokauka juu ya malundo. Sampuli moja ya Agosti haisemi lolote kuhusu wiki hiyo.

Yule mama nilitumbukiza kipima pH kwenye glasi yake mbele ya macho yake. Kilisoma 4.3, asidi tupu. Aliimwaga bila kusema neno, akaniuliza mbuzi nao wanyweshwe wapi. Nimemwomba watumie bomba la juu ya kijiji, yeye na mbuzi wake, hadi majibu ya maabara yarudi, na nitapima tena mvua zikianza.