Presha ya Macho na Kemikali Zinazoiongoza

Presha ya macho ndiyo presha ya damu?
Hapana. Inatokana na maji maangavu yanayojaza sehemu ya mbele ya jicho. Hutengenezwa muda wote, mikrolita 2 hadi 3 kwa dakika, kisha huchujwa na kutoka pembeni mwa konea, yaani kioo cha mbele ya jicho. Kwa watu wengi presha huwa kati ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Jicho linajuaje litengeneze maji kiasi gani?
Kwa ujumbe wa kemikali. Seli zinazotengeneza maji zina vipokezi vya beta, yaani sehemu za kupokea ujumbe. Noradrenalini, kemikali inayobeba ujumbe wa neva, ikivigusa, maji huongezeka. Usingizini ujumbe huo hufifia na maji yanayotengenezwa hupungua kwa takriban nusu. Njia ya kutokea nayo ina kemikali zake. Nitriki oksaidi hulegeza kichujio. Asetilikolini hukaza msuli mdogo unaokivuta kikafunguka. Prostaglandini hupanua njia nyingine, inayopita katikati ya msuli huohuo.

Matone ya glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, yanafanya nini hasa?
Yanaingilia mazungumzo hayo. Timololi huziba vipokezi vya beta, na kwa sababu hiyo haisaidii sana usiku, wakati ujumbe wenyewe umeshafifia. Latanoprosti huiga prostaglandini na hufanya kazi usiku na mchana, kwa tone moja kwa siku. Mapafu pia yana vipokezi vya beta, kwa hiyo timololi ikiingia kwenye damu inaweza kumbana vibaya mwenye pumu. Kama una pumu, mwambie daktari kabla hajakuandikia. Ukishatia tone, fumba jicho na ubonyeze kona ya upande wa pua kwa dakika 2. Dawa kidogo zaidi itaingia mwilini.

Nina matone ya zamani ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Macho yakiwasha nitumie?
Usitumie, tafadhali. Kwa baadhi ya watu steroidi hukaza kichujio na kukijaza protini, na presha hupanda ndani ya wiki chache bila maumivu yoyote. Ukiandikiwa na daktari, mwombe akupime presha wakati unaitumia, wala usiiache ghafla bila kumuuliza.

Presha yangu ni ya kawaida. Niko salama?
Si lazima. Glakoma huwapata hata wenye presha ya kawaida, ndiyo maana daktari hukagua pia neva ya jicho. Ikiwa mzazi au ndugu yako anayo, kapimwe hata kama unaona vizuri.