Pawa saplai ya bei nafuu: yanayosemwa dukani na yaliyo ndani ya boksi

Mama mmoja mwenye saiba hapa Kondele, Kisumu, aliniletea kompyuta kwa bodaboda, imefungwa kwa leso kama mtoto. "Fundi, stima ilirudi, nikasikia paa! Halafu harufu ya kuungua." Pawa saplai, kile kiboksi kinachoupa kompyuta umeme kutoka ukutani, ilikuwa imekufa. Hilo lingekuwa dogo, lakini ilikuwa imeondoka na madabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta, na diski yenye kazi za wateja wake. Alikuwa ameinunua ikiwa mpya, miezi minne tu kabla, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuliko zote na imeandikwa wati 500.

Nilipoifungua, mahali pa koili za kuchuja umeme unaoingia palikuwa na vipande viwili vya waya, vimechomelewa tu ili njia isikatike. Kile kipande cha kunyonya mshtuko wa umeme hakikuwepo kabisa. Nafasi yake imechorwa kwenye ubao, jina lake limechapwa, na matundu ni matupu. Tangu siku hiyo sinyamazi tena mteja akiniambia maneno haya.

"Imeandikwa wati 500, basi ni wati 500."

Namba kubwa iliyochapwa ubavuni ni tangazo. Kipimo kiko kwenye jedwali dogo la lebo, lile ambalo watu hawalisomi. Tafuta safu ya +12V, yaani ya volti 12. Prosesa na kadi ya picha za siku hizi huvuta karibu umeme wao wote hapo. Chukua ampea zilizoandikwa, zidisha kwa 12. Ile ya mama ilikuwa na ampea 14, na 12 mara 14 ni 168. Alinunua wati 168 akidhani ana 500. Nyingine zilihesabiwa kwenye volti 5 na volti 3.3, ambazo mashine ya leo haizihitaji sana, na nyingine hazikuwepo popote. Pawa saplai ya kweli ya wati 450 itakuonyesha ampea 34 hivi au zaidi kwenye safu hiyo. Lebo isiyo na jedwali, irudishe rafuni.

Na mashine yako inahitaji ngapi? Kompyuta ya kawaida ya prosesa ya wati 65, isiyo na kadi ya picha, mara nyingi haivuki wati 120. Ukiongeza kadi ya wati 75, mfano GTX 1650, utakuwa kwenye 200 hivi. Kwa hiyo wati 400 za kweli zinamtosha mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno, mwenye saiba, na hata kijana anayecheza gemu jioni. Wati 700 za uongo hazimtoshi yeyote.

"Yenye wati nyingi itanimalizia tokeni za stima."

Hapana. Kompyuta huvuta inachotaka, iwe pawa saplai ni ya wati 400 au 600. Kinachomaliza tokeni ni umeme unaopotea njiani ukawa joto. Tuseme mashine inatumia wati 150. Pawa saplai inayopitisha asilimia 70 itavuta wati 214 kutoka ukutani. Inayopitisha asilimia 85 itavuta 176. Tofauti ni wati 38. Kwa saa 8 kila siku, mwezi mzima, hizo ni yuniti 9 kwa kompyuta moja. Mama wa saiba ana kompyuta sita. Nilimwandikia hesabu hiyo nyuma ya risiti, akaikunja akaitia kwenye mkoba.

"Ina nembo ya 80 Plus, basi ni salama."

Nembo hiyo, iliyoanza mwaka 2004, hupima jambo moja: ni kiasi gani cha umeme kinachofika upande wa pili bila kupotea. Haipimi kama kifaa kitajizima shoti ikitokea, wala kama kitaizuia volti iliyopanda isifike kwenye madabodi. Majaribio yake hufanywa kwenye joto la nyuzi 23 hivi. Chumba chenye bati juu pale mtaa wa Manyatta saa nane mchana hakijui nyuzi 23. Joto ndilo huchosha kapasita, vile vipande vya ndani vinavyohifadhi umeme, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kwa hiyo uliza kapasita za ndani ni za nyuzi 85 au 105. Kampuni nzuri hulitaja hilo kwa fahari. Tena kuna vibandiko vinavyofanana na nembo hiyo vilivyobuniwa na mtu na printa yake. Orodha ya pawa saplai zilizopimwa kweli iko wazi kwenye intaneti, na simu yako unayo mfukoni. Itafute ukiwa bado dukani, kabla hujalipa.

Nembo bado ina maana. Anayegharamia kupima mara nyingi amegharamia na mengine. Ila usiishie hapo: angalia kama maelezo yanataja kinga ya shoti, ya volti kupanda na ya mzigo kuzidi, na dhamana ni ya muda gani. Kampuni inayotoa miaka 3 au 5 imeiamini kazi yake.

"Feni ikizunguka, ni nzima."

Fundi huunganisha waya wa kijani na mweusi, feni ikazunguka, akakuuzia. Feni huzunguka hata pawa saplai ikiwa mahututi. Kipimo ni volti wakati mashine inafanya kazi nzito: ile ya 12 isishuke chini ya 11.4 wala kupita 12.6. Mwambie akupimie kwa mita ya volti mbele yako. Na huku kwetu ziwani, wale wadudu wadogo wanaokuja kama moshi usiku hufuata taa hadi ndani ya feni. Nimewahi kuwatoa humo kwa viganja.

"Nina ekstensheni ya kuzuia mshtuko, radi haitanifanya kitu."

Kipande kinachonyonya mshtuko ndani ya ekstensheni kinafanana na sarafu, na kila kikinyonya kinachakaa. Baada ya misimu michache ya radi zetu hubaki ekstensheni tu. Pia, kazi yake hutegemea waya wa ardhini. Nyumba nyingi za kupanga zina soketi ya matundu matatu huku tundu la juu halijaunganishwa na chochote, na watu hulifungua kwa kifuniko cha kalamu ili wachomeke plagi ya miguu miwili. Ukigusa kasha la kompyuta ukahisi kama linakutekenya, waya wa ardhini haupo. Muite fundi wa stima aurekebishe. Bila huo, hata pawa saplai nzuri imefungwa mkono mmoja.

Ngurumo zikianza, chomoa ukutani. Stima ikipotea, chomoa pia, na ikirudi subiri kama dakika tano. Ile ya mama ilikufa katika sekunde ile ile umeme uliporudi.

"Kompyuta ya eks-UK, ile iliyotumika Uingereza, badilisha pawa saplai yake na yoyote ile."

Hapa watu wengi hupoteza pesa mara mbili. Dell OptiPlex 9020 ina soketi ya pini 8 kwenye madabodi, HP EliteDesk 800 G1 ina ya pini 6. Pawa saplai ya kawaida ina pini 24. Bila waya maalumu wa kuunganishia, haziingiliani. Na mara nyingi hakuna haja ya kubadilisha. Pawa saplai iliyokuja na mashine hizo, hata ikiwa na miaka kumi, kwa kawaida imetengenezwa vizuri kuliko mpya ya bei ya kutupa. Kama ina wati 240 au zaidi na unataka kadi ya picha, chagua isiyozidi wati 75 na isiyo na soketi yake ya umeme, kwa kuwa nafasi ya kuchomekea kadi kwenye madabodi hutoa hadi wati 75.

Baadhi ya pawa saplai za zamani zina swichi nyekundu nyuma ya kuchagua volti, 115 au 230. Huku Kenya iwe kwenye 230. Ukiiwasha ikiwa kwenye 115 italipuka papo hapo.

Na kama yako imekufa, usiifungue hata kama umechomoa waya. Kapasita kubwa ndani yake huhifadhi volti zaidi ya 300, na hazitoki mara stima inapozimwa.