Daktari wa kupunguza unene hukata nini?

Mama mdogo wangu anauza mawese soko la Mwanga, Kigoma mjini. Juzi nimemwamkia, marahaba haijamtoka sawasawa, akanitupia swali: "Mwanangu, hawa wanaokwenda Dar kukatwa unene, hayo mafuta yakishakatwa yanamwagwa wapi?" Jirani yake wa meza ya dagaa akaangua kicheko. Lakini swali lilikuwa la haki, maana wengi wetu tunaamini hivyohivyo: daktari anachana, anachota mafuta, anashona.

Sivyo. Bingwa wa upasuaji wa unene hachoti mafuta. Anayenyonya mafuta chini ya ngozi kwa mrija ni mwingine, wa urembo, na kazi yake inaishia kwenye umbo. Huyu wetu anakata tumbo, na hapa Kiswahili kinatuponza kidogo: tumbo ni kitambi, na tumbo pia ni ule mfuko wa ndani chakula kinapofikia. Yeye shughuli yake ni mfuko.

Ukitaka kumwelewa, mtazame kwanza kwenye kazi iliyomlea. Kabla ya kuitwa wa unene alikuwa bingwa wa upasuaji wa jumla, na hilo neno "jumla" lisikufanye udhani ni fundi wa kila kitu. Mifupa ina mabingwa wake, ubongo una wake, uzazi una wake. Fungu lake kubwa ni tumbo na vilivyomo, ukiongeza ngiri, goita na uvimbe wa matiti. Katika hospitali ya rufaa ya mkoa kama Maweni ya hapa Kigoma, au Kitete ya Tabora, bingwa wa namna hii huamshwa usiku kwa kidole tumbo kilichopasuka, kwa utumbo uliotobolewa na homa ya matumbo, au kwa kijana aliyepanda mchikichi kukata mikungu akaanguka na kupasuka wengu.

Chukua utumbo kujisokota. Utumbo mpana unajizungusha kwenye shina lake kama kamba iliyosokotwa, damu haipiti, tumbo linakaza kama ngoma na mgonjwa hatoi hata hewa. Likifunguliwa, daktari anaangalia rangi. Palipo na wekundu wa afya panaachwa; palipogeuka peusi pamekufa, panakatwa, kisha ncha mbili zilizo hai zinaunganishwa ili zisivuje hata tone. Mkono huo wa kuunganisha utumbo ndio atakaokwenda nao kwenye upasuaji wa unene. Huko hakuna kilichooza, ila ufundi ni uleule.

Mkono huo haupatikani haraka. Shahada ya udaktari ni miaka mitano, tarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, mwaka mmoja, halafu shahada ya uzamili ya upasuaji miaka mitatu au minne. Wengine hupitia COSECSA, chuo cha wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha. Baada ya hapo ndipo anaongeza mafunzo ya unene, hasa ya kupasua kwa matundu madogo akiangalia kwenye skrini. Ndiye tunayemwita bingwa bobezi.

Na fani yenyewe ilizaliwa kwenye upasuaji wa jumla. Daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliona kwamba waliokatwa sehemu ya tumbo kwa sababu ya vidonda walibaki wembamba. Mwaka 1966 akaanza kutumia njia hiyo kwa wanene, chakula kipite pembeni ya sehemu kubwa ya tumbo.

Siku hizi njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza, tumbo linakatwa kwa urefu na karibu robo tatu au zaidi yake inatolewa. Kinachobaki kinafanana na ndizi. Hairudishwi. Ya pili, sehemu ya juu inatengwa iwe kimfuko kidogo kuliko yai la kuku, nao unaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba chini zaidi. Watu hudhani siri ni udogo wa mfuko tu. Kumbe tumbo hutoa homoni ya njaa, na utumbo hupeleka taarifa zake kwenye ubongo na kongosho. Ukibadilisha njia, taarifa nazo zinabadilika. Ndiyo maana sukari ya mwenye kisukari aina ya pili huweza kushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea.

Si kila mwenye kitambi anastahili. Unagawa kilo kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama mdogo ana kilo 84 na mita 1.60, jibu ni kama 33. Miongozo ya kimataifa ya 2022 inaanzia 35, au 30 kwa mwenye kisukari aina ya pili. Yeye sukari hana, kwa hiyo hamo moja kwa moja; wa namna yake hufikiriwa tu njia nyingine zikishindwa.

Wanaofanyiwa, ule mlima wa ugali unakwisha. Ni vijiko vichache, samaki kama migebuka kwanza, wanga baadaye, na vidonge vya vitamini na madini maisha yote. Maungio yanaweza kuvuja, damu ikaganda miguuni, mawe yakaota kwenye nyongo, na uzito nao unaweza kurudi. Wapo wanaochagua puto, ambalo hospitali ya Mloganzila, Dar, wamekuwa wakiliweka: linapitishwa mdomoni bila kukata, linakaa ndani ya mfuko wa tumbo miezi kadhaa, linatolewa. Kwangu mimi hilo ni la kumpa mtu nafasi ya kuanza tu.

"Sasa mafuta?" mama mdogo akanikumbusha.

Nikamwambia mwili wenyewe unayachoma, kwa kuwa chakula kimepungua. Katika kilo kumi za mafuta zinazoyeyuka, zaidi ya nane hutoka kama hewa ya ukaa, mtu anazipumua. Zilizobaki hutoka kama maji.

Akapima lita ya mteja, akafuta mdomo wa chupa kwa kanga. "Basi huko Dar," akasema, "watu wanapumua mawese."