Banti ni nini katika besiboli?

Mpigaji anayeweka banti hazungushi gongo. Analilaza mbele ya mwili na kuuacha mpira uje wenyewe, uligonge, udondoke na kubingirika taratibu hatua chache tu kutoka alipo. Mrushaji yuko mbali, mdakaji amechuchumaa nyuma ya mpigaji. Mmoja wao, au mlinzi mwingine aliye karibu, sharti aukimbilie, auokote, kisha autupe besi ya kwanza, yaani kituo cha kwanza ambacho mpigaji lazima akifikie. Muda huo wote mpigaji anakata mbio mita 27 na ushee.

Huku Mtwara nawaonyesha vijana jambo hili kwenye mchanga wa Shangani, kwa mpira wa tenisi na gongo la kuchonga. Karibu kila anayejaribu mara ya kwanza huusukuma mpira, nao unamfuata mrushaji mikononi. Banti ni kupokea. Aliyewahi kusimama chini ya mwembe akadaka embe analotupiwa na mwenzake aliye juu anajua tayari: mkono unarudi kidogo pamoja na embe, la sivyo linapasuka. Gongo nalo lirudi hivyo hivyo. Kwa wacheza kandanda nasema neno moja tu, “utulize”, na wanaelewa papo hapo.

Mkono wa juu unapanda hadi karibu na sehemu nene ya gongo, ukilishika kwa kidole gumba na cha shahada, vidole vyote vikijificha nyuma ya gongo. Kidole kinachochungulia mbele kitapondwa. Mkono wa chini ndio usukani: huo unaamua mpira uelekee upande wa besi ya kwanza au ya tatu. Ncha ya gongo iwe juu kidogo kuliko mpini, maana ikilala chini mpira unaruka hewani na kudakwa. Mpira ukija chini, kunja magoti, usiteremshe mikono.

Faida yake kubwa ni kwa mwenzako. Tuseme mkimbiaji yuko besi ya kwanza na hakuna aliyekuwa auti, yaani aliyetolewa. Unaweka banti, wanakutoa wewe, naye anafika besi ya pili, ambapo pigo moja safi laweza kumrudisha nyumbani, mahali pa kupatia pointi. Hiyo ni banti ya kujitoa, na kanuni zinaitambua: haihesabiwi kuwa nafasi ya kupiga, kwa hiyo wastani wako wa mapigo yaliyofanikiwa haushuki. Naipenda sana kanuni hiyo. Masahiro Kawai wa Japani, aliyecheza zaidi Yomiuri Giants, aliweka banti za namna hii 533, na jina lake linakumbukwa kwa kazi hiyo hasa.

Kwenye ligi kuu ya Marekani banti imepungua. Timu ina auti 27 tu katika vipindi tisa, na wapiga hesabu wanaona ni hasara kuitoa moja kwa hiari. Hesabu yao ni sahihi mara nyingi, ila tofauti ikiwa pointi moja tu, na mpigaji aliye zamuni ni dhaifu, mimi bado ningemwambia aweke banti.

Isipokuwa kama ana straiki mbili, yaani amebakiza kosa moja tu atolewe. Pigo la kawaida likitoka nje ya mistari wakati huo, unaendelea kupiga. Banti ikitoka nje, wewe ni auti.