"Hii Ina Tisini, Bro": Dhana Potofu Kuhusu Hukumu za Gemu

Muuza CD za gemu wa Kariakoo hana muda wa kukusimulia gemu inahusu nini. Akiona unasitasita anaipiga kava kwa kidole: "Chukua hii bro, ina tisini na kitu." Hiyo ni alama ya wahakiki wa gemu, lakini tisini ya nani, ya toleo gani, ya mwaka gani, hapo hakuna anayeuliza. Na kwa kuwa CD ya PS4, hata iliyotumika, si hela ya kuokota, mtu anaibeba tisini yake mpaka Mbagala kama vile imetoka Baraza la Mitihani. Akifika nyumbani ndipo maneno yanaanza.

Dhana zifuatazo zinazunguka vijiweni na kwenye magrupu ya WhatsApp. Baadhi nitazipitia haraka, nyingine nitakaa nazo kwa sababu ndizo zinazowala watu hela.

Dhana: "Metacritic wameipa 90"

Metacritic hawajaicheza. Tovuti hiyo, iliyoanza mwaka 2001, inakusanya hukumu za magazeti na tovuti nyingine, inazigeuza ziwe alama kwa mia (nyota 4 kati ya 5 zinakuwa 80), kisha inatoa wastani. Tena si wastani wa darasani. Baadhi ya vyombo vinapewa uzito mkubwa kuliko vingine, na orodha ya uzito huo haijawahi kuwekwa hadharani. OpenCritic, iliyokuja 2015, inatumia wastani wa kawaida, ndiyo maana gemu moja inaweza kuwa na namba mbili zinazotofautiana kidogo bila yeyote kudanganya.

Halafu kuna utaratibu ambao wengi hawaujui: kwa kila chombo, Metacritic inachukua alama ya kwanza, basi. Mwaka 2012 GameSpot, tovuti ya uhakiki wa gemu, walichapisha uhakiki wa Natural Selection 2 wenye alama 6. Ikabainika mhakiki amekosea mambo ya msingi kuhusu gemu yenyewe, wakauondoa, wakampa mwandishi mwingine, naye akatoa 8. Kwenye Metacritic ile 60 ya kwanza ikabaki ilipo.

Dhana: "Chini ya nane usinunue"

Hapa shule imetuharibu kidogo. Kidato cha nne A inaanzia 75, na kwa sadfa rangi ya kijani ya Metacritic kwa gemu nayo inaanzia 75. Lakini mwanafunzi mwenye 60 amepata C na maisha yanaendelea, wakati gemu yenye 60 inachukuliwa kuwa takataka. Sababu mojawapo ni kwamba vyombo vikubwa haviwezi kuhakiki kila kitu kinachotoka, na gemu mbovu kupindukia nyingi zinapita bila mtu kuzigusa. Zinazobaki mezani ni zile ambazo tayari zina kiwango, ndiyo maana alama zinarundikana kati ya 60 na 90.

Vipimo vyenyewe havifanani. Gazeti la gemu la Famitsu la Japani linawapa watu wanne gemu moja, kila mmoja anatoa alama kwa kumi, jumla inakuwa kwa arobaini; gemu ya kwanza kupata 40 kamili ilikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Hiyo ni tofauti kabisa na mtu mmoja aliyekaa peke yake akaamua kutoa 10.

Mfano ninaoupenda ni God Hand, gemu ya ngumi ya PS2 ya mwaka 2006. IGN, tovuti nyingine ya uhakiki, waliipa 3 kwa 10. Wengine waliipa alama za juu, wastani ukaishia kwenye sabini na kitu, na mpaka leo wapenzi wa gemu za kupigana wanaitaja kwa heshima. Ni ngumu, kamera yake inakera, na mzaha wake ni wa ajabu. Mhakiki wa 3 na shabiki wa 10 wameyaona mambo yaleyale. Mmoja yamemchosha, mwingine ndiyo anayoyatafuta. Ungesoma aya mbili tu za maelezo ungejua wewe uko upande gani. Namba peke yake isingekuambia.

Tena alama hizi zinagusa mifuko ya watengenezaji. Fallout: New Vegas ya 2010 ilipata 84. Mmoja wa viongozi wa Obsidian, studio iliyoitengeneza, Chris Avellone, alieleza mwaka 2012 kwamba mkataba ulihitaji 85 ndipo studio ipate bonasi. Walikosa kwa alama moja.

Dhana: "Wahakiki wote wamenunuliwa"

Lisemwalo lipo. Novemba 2007 GameSpot walimfukuza mhakiki Jeff Gerstmann, baada ya kuipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6 wakati matangazo ya gemu hiyohiyo yametapakaa kwenye tovuti yao. Mwaka 2012, alipokuwa huru kusema, alithibitisha kwamba shinikizo la watangazaji lilichangia. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba hakuna mikono.

Lakini kisa hichohicho kinaonyesha kinyume cha kununuliwa: mtu alitoa 6 akijua nani analipa matangazo. Na kilichofuata ni kelele kubwa, si ukimya. Ukiniuliza mimi, hatari ya kila siku si bahasha. Ni masharti. Kampuni inatoa nakala mapema, bure, kwa makubaliano kwamba uhakiki usitoke kabla ya siku na saa fulani. Hilo peke yake halina ubaya, linampa mhakiki muda wa kucheza bila kukimbizana na wenzake. Ubaya unaanza kampuni inapochagua mhakiki acheze kwenye mashine ipi.

Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Hukumu za kwanza zilitoka siku tatu kabla, zikiwa za toleo la kompyuta pekee, na wahakiki hawakuruhusiwa kutumia picha za video walizorekodi wenyewe. Alama zilikuwa za juu sana. Nakala za PS4 na Xbox One hawakupewa kabla ya hukumu hizo kutoka. Wenye PS4 walipoweka CD, walikutana na gemu inayokwama, inayozima, yenye watu wasio na nyuso. Alama za toleo la PS4 zikaanguka chini ya 60, na wiki moja baadaye Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni. Ilirudi Juni 2021. Hakuna ushahidi kwamba mtu alihongwa. Waliisifu gemu waliyoicheza, nayo sio ile iliyouzwa kwa watu wengi.

Dhana: "Walishairekebisha, hizo hukumu ni za zamani"

Hii ndiyo inayowaumiza watu wa hapa kuliko zote, na ni kwa sababu nusu yake ni kweli.

Ni kweli gemu zinabadilika. No Man's Sky ilitoka Agosti 2016 ikapata wastani wa 71 kwenye PS4, na kwenye Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, wachezaji wakaichana vibaya. Watengenezaji wake, Hello Games, hawakukimbia. Mwaka 2018 walileta uwezo wa kucheza pamoja kwa maana halisi, wakaendelea kuongeza mambo mwaka baada ya mwaka, na mwishoni mwa 2024 jumla ya maoni yote ya Steam ikafika daraja la "chanya sana". Final Fantasy XIV ya 2010 ilichukiwa mpaka Square Enix wakaizima na kuijenga upya. Ile ya 2013 ni gemu nyingine kabisa.

Lakini jiulize: marekebisho yanafikaje kwenye mashine yako? CD inabeba gemu ilivyokuwa siku ilipochapishwa kiwandani. Marekebisho yote yaliyofuata yanashuka kwa intaneti, na kwa gemu kubwa ni makumi ya GB. Mtu wa Goba mwenye waya wa intaneti nyumbani anabonyeza anaenda kulala. Mtu anayeunganisha PS4 kwa hotspot ya simu, bando la wiki, anaangalia ule mstari wa kupakua, anaangalia salio, anakata. Yeye anacheza gemu ya siku ya kwanza, kwa hiyo hukumu inayomhusu ni ya siku ya kwanza, ile ambayo kila mtu anamwambia imepitwa na wakati. Tena gemu yake inaweza kuwa mbaya hata kuliko hukumu hiyo inavyosema, kwa sababu mara nyingi wahakiki huwa wameshapakua rekebisho la siku ya kutoka kabla hawajaandika.

Turudi kwa Cyberpunk. Septemba 2023 lilikuja toleo 2.0, pamoja na nyongeza ya Phantom Liberty, na sifa zikamiminika upya. Watu wakaanza kusema gemu imepona. Imepona kwenye kompyuta, PS5 na Xbox Series. PS4 haikupewa 2.0 wala hiyo nyongeza. Kwa hiyo ukinunua CD ya PS4 iliyotumika kwa sababu umesikia sifa za 2023, ukaicheza kwenye PS4 yako, hata ungekuwa na bando la mwaka mzima usingeipata gemu inayosifiwa. Muuzaji hatakuambia. Huenda naye hajui.

Dhana: "Achana na wahakiki, sikiliza wachezaji"

Wachezaji gani? Kwenye Metacritic mtu yeyote mwenye akaunti anaweza kutoa 0, awe ameicheza gemu au hajawahi kuiona. The Last of Us Part II ilitoka tarehe 19 Juni 2020 na wahakiki wakaipa 93. Ndani ya saa chache sifuri zikamwagika kwa maelfu, alama ya wachezaji ikashuka chini ya 4 kwa 10, wakati gemu yenyewe inahitaji zaidi ya saa ishirini kuimaliza. Wengi walikuwa na hasira na hadithi iliyovuja kabla. Mwezi uliofuata Metacritic wakaweka kizuizi: mchezaji asubiri saa 36 baada ya gemu kutoka ndipo aandike.

Steam wana nafuu, kwa sababu anayeandika lazima awe na gemu kwenye akaunti yake na saa alizocheza zinaonekana. Ila watu wanaisoma vibaya asilimia yao. Asilimia 90 ya Steam haina maana ya tisini kwa mia. Maana yake ni kwamba watu tisa kati ya kumi wamesema "naipendekeza", hata kama kila mmoja wao anaiona ya kawaida tu.

Kwa mpira, kumbuka eFootball 2022. Konami waliliacha jina la PES, wakaitoa bure Septemba 30, 2021, na kwa siku chache ikawa miongoni mwa gemu zilizochukiwa kuliko zote Steam. Nyuso za wachezaji zilikuwa za kutisha, mpira unajiendea. Konami waliomba radhi. Hapo wachezaji na wahakiki walisema kitu kimoja, na walikuwa sahihi wote. Lakini nakumbuka watu wa simu nao walivyopaniki kwa kusoma hayo maoni, wakati kwenye simu PES 2021 iliendelea mpaka Juni 2022. Walikuwa wanalia msiba wa jirani.

Dhana: "Gemu kali ni kali, haijalishi aina"

Ingia kibanda chochote cha gemu Manzese au Tandale. Mwenye kibanda hana habari na tisini. Anataka kujua mambo matatu: wawili wanaweza kucheza kwenye skrini moja? Mechi inaisha upesi ili wa foleni naye alipe? Umeme ukikatika, mteja amepoteza nini? Kwa vigezo hivyo The Last of Us Part II ni hasara tupu. Mtu mmoja ataikalia padi jioni nzima, wengine wanamwangalia analia. Tekken 3 ya 1998, yenye 96 ya wahakiki, inafaulu kotekote. Hapo vijiwe na wahakiki hawana ugomvi.

Street Fighter V ilipotoka Februari 2016 ilipata 77, na lawama kubwa ilikuwa kwamba anayecheza peke yake hana cha kufanya. Sehemu ya kupambana na kompyuta mpaka kummaliza bosi ilikuja Januari 2018. Kwa mtu wa peke yake, 77 ni nyingi. Kwa kibanda chenye watu wanaokabana usiku kucha, ni ndogo mno, kwa sababu mapigano yenyewe yalisifiwa tangu siku ya kwanza.

Gemu za mpira zina tatizo lao: zinatoka kila mwaka, na mhakiki analazimika kuuliza kama kuna kipya. FIFA 20 ya Nintendo Switch ilipewa na IGN 2 kwa 10 kwa kuwa ilikuwa karibu ileile ya mwaka uliopita, jezi na vikosi vikiwa vimebadilishwa. FIFA 21 ya Switch ilipofanya hivyo tena, IGN wakarudisha uhakiki uleule wa mwaka uliotangulia, na 2 yake. Nilicheka sana. Ila kama hujawahi kuwa na FIFA yoyote kwenye Switch, hiyo 2 haikuwa inazungumza na wewe.

Dhana: "Play Store ina nyota 4.6, shusha tu"

Tangu Novemba 2021, nyota unazoziona kwenye simu yako ni za nchi ambayo akaunti yako imesajiliwa. Akaunti ya Tanzania inaona za Tanzania. Aliyefungua akaunti kwa nchi nyingine, na wapo wengi, anaona za huko, ambako simu ni nyingine na intaneti ni nyingine. Ziruke nyota, shuka kwenye maoni, panga kwa ya karibuni, tafuta mtu analalamika kuhusu simu ya GB 2 au 3 za RAM. Huyo ndiye mhakiki wako.